Kifua kisichokauka: mwongozo wa kuishi na bronkiektasia na sudomonasi

Kila nikikaa kwenye benchi la kliniki ya kifua pale hospitali ya Mulago, Kampala, lazima mtu aniegemee na kuniuliza yale yale. "Dada, dawa za TB nilimaliza, mbona bado natema?" "Hii sudomonasi ndiyo nini?" "Sipro nimeshameza mara tano, kwa nini inarudi?" (Sipro ni antibayotiki, siprofloksasini.) Nimekuwa nikijibu nusu nusu huku naitwa dirishani. Leo nimeamua kuandika yote mahali pamoja.

Mimi si daktari. Ni mwanamke wa Bombo niliyeugua TB, ikapona, ikaniachia kifua chenye makovu. Ninayoandika hapa ni yale niliyofundishwa na watu wa mazoezi ya kifua, nikayafanya kila siku mpaka yakawa kama kupiga mswaki. Daktari wako akikuambia tofauti kwa sababu ya hali yako, mfuate yeye.

Maelezo ni mafupi tu. Mirija ya hewa ikishalegea na kutanuka (hiyo ndiyo bronkiektasia), makohozi hayapandi yenyewe. Yanatuama kama maji ya mtaro ulioziba, na bakteria wanapata kidimbwi cha kukaa. Wanaleta uvimbe, uvimbe unazidi kuharibu mirija, kidimbwi kinaongezeka. Sudomonasi ndiye mpangaji mbishi kuliko wote, maana anajifunika utando wa ute ambao dawa zinapata shida kuupenya. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kukausha kidimbwi. Dawa ni kazi ya pili. Wengi wetu tulianza na dawa, tukasahau kidimbwi, ndiyo maana tunarudi benchini.

Kabla ya kuanza, uwe na hivi

- Picha ya kifua, na ikiwezekana CT (picha ya mashine inayoonyesha kifua kwa undani zaidi), inayoonyesha upande gani ulioharibika. Bila kujua upande utalala vibaya kwenye hatua ya 3.
- Majibu mawili ya makohozi: ya TB (GeneXpert) na ya kuotesha bakteria. Ni vipimo viwili tofauti. GeneXpert haioni sudomonasi hata wakijaa kikombe.
- Daftari la shule na kalamu.
- Kikopo cheupe au cha kuona ndani, chenye kifuniko.
- Chupa ya maji ya plastiki ya lita moja na nusu, na kipande cha mpira laini chenye tundu la upana wa sentimita moja hivi. Mpira wa dripu ni mwembamba mno, usiutumie.
- Taulo, mito miwili, maji ya kunywa yaliyochemshwa.
- Oximeta ya kidole (kifaa cha kupima oksijeni kwenye damu), kama mfuko unaruhusu. Si lazima.
- Nusu saa asubuhi na nusu saa jioni ambayo nyumba nzima inajua ni yako. Hii ndiyo ngumu kupata kuliko CT.

Hatua

1. Hakikisha kwanza si TB iliyorudi, na hakikisha kwa ushahidi. Kwa Waganda wenzetu neno ni akafuba, na kila kikohozi kirefu kinapewa jina hilo. Mimi mwenyewe niliwahi kuanzishiwa dawa za TB kwa mara ya pili katika kliniki moja kwa kuangaliwa picha tu. Makovu ya zamani yakahesabiwa kuwa ugonjwa mpya. Miezi sita nikakojoa mkojo wa rangi ya machungwa bure. Picha ya kifua chenye makovu haitakuwa safi tena maisha yako yote, kwa hiyo tunza ile ya zamani wailinganishe na mpya. Na ujue kwamba kwa aliyewahi kuugua, GeneXpert inaweza kunasa mabaki ya vijidudu vilivyokufa. Ikitoka na TB kidogo sana na wewe hujakonda wala hutoki jasho la usiku, uliza kama wanaweza kuotesha ili kuthibitisha. Lakini usije ukapuuza: TB hurudi kweli, na dawa zake ni bure kwenye vituo vya serikali.

2. Peleka makohozi ya maana. Watu wanapeleka mate, halafu wanalalamika maabara haikuona kitu. Asubuhi, kabla ya chai, sukutua mdomo kwa maji safi. Vuta pumzi ndefu mara tatu, kohoa kutoka chini kabisa, tema ndani ya kikombe cha maabara bila kugusa ukingo wake. Kinachotakiwa ni kizito, kinachonata. Kifike maabara ndani ya saa mbili hivi. Usikiweke kwenye mkoba ndani ya taksi ya Kampala inayosubiri abiria chini ya jua. Bakteria wengine watakufa na wengine watazaana, na jibu litakuwa la uongo. Mwombe daktari aandike kuotesha na kupima dawa ipi inaua. Kituo cha afya cha ngazi ya tatu aghalabu hakiwezi kuotesha, hivyo uliza hospitali ya rufaa ya mkoa wako.

*Onyo:* toa makohozi KABLA ya kumeza antibayotiki. Ukishameza hata siku mbili, umevuruga ushahidi.

3. Safisha kifua, mara mbili kwa siku, hata siku unayojisikia mzima. Hapa ndipo roho ya mwongozo huu ilipo, kwa hiyo soma polepole. Fanya kabla ya kula, au saa moja na nusu baada ya kula. Kama umeandikiwa pampu ya salbutamol, ivute kwanza, subiri dakika kumi na tano.

Chagua mkao. Ulioharibika ukiwa upande wa kulia, lala ubavu wa kushoto ili ule mbovu uwe juu na uteremshe. Ila TB hupenda sehemu ya juu ya mapafu, na sehemu ya juu hujimwaga yenyewe ukiwa umekaa wima. Wengi wetu tuliotoka kwenye TB inatutosha kukaa kwenye kiti. Ile habari ya kuning'iniza kichwa chini ya kitanda achana nayo, hasa kama una kiungulia au umewahi kutema damu.

Kisha:

a) *Tulia.* Mkono juu ya tumbo, mabega chini, pumua kwa pua polepole kwa nusu dakika. Tumbo ndilo lipande, si mabega.

b) *Panua.* Vuta pumzi ndefu, ishike ukihesabu moja, mbili, tatu, iachie bila kuisukuma. Mara tatu au nne. Ukizidisha utapata kizunguzungu.

c) *Tulia tena*, kama (a).

d) *Piga "haa".* Fungua mdomo na koo, sukuma hewa kana kwamba unatia ukungu kwenye kioo ukifute. Kwanza vuta pumzi ya kadiri na upige haa ndefu. Hiyo inapandisha yaliyo chini. Kisha vuta pumzi kubwa na upige haa fupi yenye nguvu; hiyo inayaleta kooni. Utasikia mkwaruzo wake ukipanda. Sasa ndipo unakohoa, mara moja au mbili, unatema kikoponi.

Rudia mzunguko mzima kwa dakika kumi hadi ishirini, mpaka haa mbili mfululizo zitoke kavu. Ukichoka kabla ya hapo, acha. Kesho ipo.

*Kosa linaloongoza:* kukohoa tangu mwanzo mpaka mishipa ya shingo isimame. Kikohozi cha nguvu kinaibana mirija iliyolegea, makohozi yanafungiwa ndani, unatoka jasho na kikopo kitupu. Haa haiibani hivyo. Mjomba wangu alikuwa ananisikia nikipiga haa alfajiri akadhani nafukuza paka.

*Kosa la pili:* kumeza. Halikuui, lakini hujui umetoa nini wala rangi gani.

4. Ukitaka msaada, tumia chupa. Tia maji kwenye ile chupa mpaka kina cha sentimita kumi. Ingiza mpira hadi karibu na sakafu ya chupa, uache mdomo wa chupa wazi hewa itoke. Vuta pumzi kwa pua, puliza kwenye mpira taratibu kwa sekunde tatu au zaidi mpaka maji yabubujike. Pumzi nane hadi kumi, kisha haa mbili, kisha pumzika, rudia. Mbubujiko unatikisa mirija na kuizuia isifunge. Mara ya kwanza fanya mbele ya mtu wa mazoezi ya kifua, na usifanye kabisa kama unatema damu au uliwahi kuingiwa na hewa nje ya pafu.

Usinyonye. Na maji mwaga KILA mara, osha kwa sabuni, kausha chupa na mpira vikiwa vimening'inia. Sudomonasi huyu makazi yake ni majimaji. Kuacha chupa ina maji ya jana ni kumfugia watoto. Mpira ukianza kuwa na utelezi ndani, tupa.

Hali kadhalika mashine ya mvuke (ya kuvutia dawa, nebulaiza), kama unayo: osha vipande baada ya kila matumizi, chemsha vinavyochemshika, kausha kabisa. Usitie maji ya bomba ndani yake, wala usijikorogee chumvi ya jikoni. Maji ya chumvi ya kuvuta yana vipimo vyake, na mara ya kwanza huvutwa hospitalini kwa sababu yanaweza kubana kifua.

5. Andika daftari. Mistari mitatu kwa siku: rangi (nyeupe, njano, kijani), kiasi (kijiko, nusu kikopo), pumzi (nimepanda ngazi au nimesimama njiani). Ya kwangu ya siku za kawaida inasomeka "njano, vijiko 2, sawa". Baada ya mwezi utaijua kawaida yako. Hiyo ndiyo kipimo chako, si ya jirani. Kuna mtu kawaida yake ni kijani mwaka mzima na anafungua duka lake kila asubuhi.

Mwenye oximeta aandike na namba. Kipime kidole kisicho na hina wala rangi ya kucha. Kina mama wa Bombo mnanielewa, baada ya harusi tunapima kidole cha mguu.

6. Jua lini ni shambulio. Hesabu haya sita: kikohozi kimezidi, makohozi yameongezeka au yamekuwa mazito, rangi imekolea, pumzi imepungua, uchovu usio wa kawaida, damu. Matatu au zaidi yakizidi kawaida yako kwa siku mbili mfululizo, ni shambulio, nenda kwa daktari na daftari lako. Moja tu likizidi, ongeza usafishaji uwe mara tatu au nne kwa siku na uangalie.

Usisubiri siku mbili kama: damu imezidi vijiko vichache vya chai au haikomi, midomo inageuka rangi, huwezi kumaliza sentensi, oximeta iko chini ya 90, homa kali na kuchanganyikiwa. Damu ikitoka nyingi, acha mazoezi yote ya kifua, lala ule ubavu UNAOTOKA damu uwe chini (kinyume cha hatua ya 3) ili lile pafu zima lisifurike, na mtu atafute gari, si boda.

7. Dawa: meza zilizo sahihi, kwa siku zilizo sahihi. Amoksilini, septrini, na ile sindano ya seftriaksoni inayopigwa kila kona hazimuui sudomonasi. Ukiwa na majibu yenye jina *Pseudomonas aeruginosa* na mtu anakuandikia amoksilini, mwonyeshe karatasi kwa adabu. Septrini ya kinga anayomeza mwenye VVU iendelee, ina kazi yake nyingine.

Za kumeza zinazomfikia ni familia ya sipro tu. Shambulio kwa kawaida hutibiwa kwa siku 14. Zile vidonge kumi unazokatiwa dukani zinawaua dhaifu na kuwaachia nyumba wagumu. Ndiyo jibu la "nimemeza mara tano, inarudi". Sipro ikishindwa, zinabaki sindano, mara nyingi za kulazwa. Kwa hiyo itunze.

Mambo ya sipro ambayo dirishani hakuna muda wa kuyaeleza:

- Imeze mbali na maziwa, vidonge vya madini ya chuma, zinki na dawa za kiungulia. Saa mbili kabla yake, au saa sita baada yake. Chai ya maziwa na sipro pamoja ni kutupa pesa.
- Kama unameza aminofilini au theofilini, mwambie daktari. Sipro inaipandisha mwilini, unaanza kutetemeka, kutapika, moyo kwenda mbio.
- Kisigino au kano ikianza kuuma, acha na urudi kwa daktari siku hiyo hiyo, hasa kama unatumia predinisoloni.
- Mwenye sukari apime mara kwa mara, inaweza kushuka.
- Usiianze kabla ya kupima TB. Inaipunguza TB nguvu kidogo, kikohozi kinatulia, ugonjwa unajificha.

Na hili watu hawaliamini: ukiwa mzima kwa kawaida yako, kuonekana sudomonasi kwenye majibu si lazima umeze dawa. Akionekana kwa mara ya kwanza, daktari anaweza kujaribu kumng'oa kabisa. Akishakaa miaka, lengo ni kumbana asifanye fujo. Kuna wanaopewa azithromisini mara tatu kwa wiki kwa miezi mingi ili kupunguza mashambulio. Hiyo haianzwi kabla makohozi hayajapimwa jamaa wengine wa TB (bakteria wa ukoo mmoja nayo, lakini si TB yenyewe), na ina mambo ya masikio na moyo ya kuangaliwa. Si ya kununua.

8. Moshi, chakula, miguu. Sigiri (jiko la makaa) ikae nje, au upikiwe. Kama huna wa kukupikia, washa makaa nje mpaka yaive ndiyo uingize, na mlango uwe wazi. Tadooba (kibatari cha mafuta ya taa) izimwe. Asubuhi ya vumbi Kampala, angalia hali ya hewa kwenye programu ya AirQo ya Makerere kabla ya kuamua kutembea.

Kula. Kifua hiki kinachoma nguvu nyingi. Mukene (dagaa), mchuzi wa karanga, simsim, maharage, na Rolex (chapati iliyoviringishwa na mayai) ya mayai mawili siku ukiwa njiani. Uzito andika daftarini kila mwezi.

Tembea kila siku mpaka upumue kwa nguvu lakini uweze kuongea. Siku ya mvua, simama na ukae kwenye kiti mara kumi, pumzika, rudia. Mulago walishajaribu programu ya wiki 6 ya mazoezi kwa watu walioachiwa kifua kibovu na TB, na watu wakatembea mbali zaidi kuliko walivyoanza. Uliza Taasisi ya Mapafu ya Makerere, hapo hapo kilima cha Mulago, kama kuna kundi unaloweza kujiunga nalo.

Mambo yakikwama

*Napiga haa, hakuna kinachotoka.* Kunywa maji zaidi tangu asubuhi. Badili mkao, bakia ubavu mmoja dakika tano kabla ya kuanza. Angalia pia kama koo liko wazi. Ikisikika "hhsss" badala ya "haa", umebana.

*Makohozi yananuka ghafla.* Andika tarehe, peleka sampuli. Harufu mpya nayo ina maana.

*Maabara imesema hakuna kilichoota, na mimi natema kijani.* Uliza mambo matatu: sampuli ilichelewa? Nilikuwa nimeshameza dawa? Ilikuwa mate? Kama yote hapana, peleka nyingine, na muulize daktari kuhusu fangasi na jamaa wa TB, maana hao huoteshwa kwa njia yao.

*Natema damu kidogo kidogo na shimo la TB lipo.* Fangasi hupenda kukaa kwenye shimo hilo kama mpira. Huonekana kwa picha. Sipro haimgusi.

*Ramadhani je?* Ukiwa mzima, safisha kabla ya daku na kabla ya futari, na maji uyanywe usiku kucha kidogo kidogo. Ukiwa na shambulio, mgonjwa ana ruhusa, utalipa. Aliyeamua kufunga akiwa kwenye sipro asiteremshie kwa maziwa ya daku.

*Nitawaambukiza watoto?* Sudomonasi, si rahisi. Kifua kizima kinamtoa. TB ndiyo huambukiza, ndiyo maana hatua ya 1 ni ya kwanza. Anayepaswa kukaa mbali nawe unaposafisha kifua ni yule mwenye kifua kibovu kama chako, na msichangie mashine wala chupa. Makohozi yatie kwenye choo, kikopo kioshe kwa jiki, nawa mikono.

*Nasafiri kwa basi mpaka Arua.* Safisha kifua kabla ya kutoka, hata kama ni saa tisa usiku. Kaa dirishani upande usio wa jua, beba kikopo chenye kifuniko ndani ya mfuko mweusi, daftari, na majibu ya mwisho ya maabara. Ukishambuliwa huko, daktari asiyekujua ataanza na karatasi hiyo.